Kikonyo

Kazi yangu ilikuwa rangi.
Miaka kumi na minne hapa Ilula, kando ya barabara kuu,
nimekalia ndoo iliyopinduliwa, nachagua:
iliyoiva hasa, ya soko la leo, Iringa mjini;
yenye haya kidogo shavuni, ya lori la Dar;
ya kijani irudi kivulini, ingoje siku yake.
Mkono ulijua kabla sijajua mimi.

Kisha Mgaya mwenye lori akafungua tenga,
akaniuliza kama nimelewa.
Mbivu na mbichi zimelala kitanda kimoja.

Nilikuwa na maumivu nyuma ya jicho la kushoto,
nikiligeuza linalia kama bawaba yenye kutu.
Nikasema ni vumbi. Nikasema ni moshi.
Jirani akanikamulia maziwa ya kifuani,
yakanitiririkia hadi sikioni, na rangi haikurudi.

Daktari alikuwa kijana, ana mafua.
Akainua kifuniko chekundu cha chupa.
Funika hili. Sasa funika lile.
Ni rangi ileile?
Nikacheka, maana mimi ndiye huulizwa nyekundu.
Kisha sikucheka.
Kwa jicho la kulia, kifuniko.
Kwa la kushoto, chai ya jana.

Akachora nyuma ya cheti: duara, na mshipa unaotoka kisogoni mwake.
Akasema tunda ni zima, kinachougua ni kikonyo.

Sikumwambia ninachokijua:
nyanya ikinyofolewa kikonyo haiozi siku hiyo.
Hukaa inang'aa, mnunuzi akaisifu.
Huanza polepole, palepale iliposhikwa.

Dripu, siku tatu. Vidonge vya kupunguza mmojammoja.
Mwezi wa pili nikasoma ubao wa herufi
mpaka mstari wa tano, na chumba kizima kikapiga makofi.
Umepona, Twilumba.
Jina langu lenyewe ni shukrani,
basi nikashukuru.

Juni ikaja na baridi yake.
Maji ya kuoga yalichemka, yakapoa, yakachemshwa tena.
Mume wangu aliweka ugali, akaurudisha umeota ngozi.
Malori yalipiga honi; nikasikia kama ya nchi nyingine.
Mama mkwe akasema uvivu.
Mzee wa kanisa akasema pana kitu nyumbani, tufunge.
Tukafunga. Mimi nilikuwa nimeshaanza.

Na sijui hadi leo kipi kilitangulia kuondoka,
wekundu wa nyanya
au hamu ya kuuona.

Kliniki, benchi refu. Nesi Chengula ananiwekea matone,
anaandika, hainui uso:
Unalala?
Nalala sana.
Ukiamka, unatamani nini?

Nikatafuta.
Nikatafuta kama mtu anayepapasa kiberiti umeme ukikatika,
rafu ya juu, rafu ya chini, chini ya mkeka.
Foleni ikaguna nyuma yangu.
Sikupata kitu.

Ndipo akainua uso, akafunga mlango.
Akalitaja: sonona. Akasema si pepo, si uvivu,
na wengi huja hapa na jicho tu mkononi
kama kiatu cha kushona,
wenyewe wamebaki nyumbani.

Siku hizi Lugano, binti yangu, hukaa upande wangu wa kushoto.
Mama, hii?
Nyekundu kiasi gani, namuuliza.
Kama sweta la Mwalimu Sanga.
Lori, basi.
Kuna siku anachagua peke yake, nami namwangalia tu,
kuna siku hata kumwangalia ni mzigo.

Jana alasiri, sijui kwa nini, nilitamani chumvi.
Chumvi tu, na nyanya ya jua, ya moto,
iliyopasuka isiyouzika.
Nikaila nimesimama, macho yote mawili nimeyafumba,
maji yakanichuruzika hadi kwenye kiwiko.

Sijamwambia mtu.
Kliniki ni Alhamisi.